Infraredi kwa kamera za zamani: Rollei Infrared 400 au Ilford SFX 200?

Kaskazi_Tanga
Wakuu, habari za leo. Nina Pentax K1000 aliyoniachia marehemu baba, pamoja na lenzi yake ya 50mm f/2. Mwezi ujao nakwenda Gede, karibu na Malindi, na kwa muda mrefu nimetamani kuyapiga yale magofu kwa infraredi, ule mwanga usioonekana kwa macho: majani yawe meupe kama pamba, anga iwe nyeusi, kuta za matumbawe zisimame katikati. Fedha niliyonayo inatosha mikanda mitatu ya filamu na filta moja. Nitasafisha mwenyewe nyumbani. Nani ametumia Rollei na SFX zote mbili?

FundiLenzi
Mkuu, nimezitumia zote, na mimi huanza na filta kabla ya mkanda. SFX inaona wekundu hadi kama nanomita 740 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Rollei inafika 820. Filta ya Hoya R72 inaanza kupitisha mwanga kwenye 720 hivi. Sasa piga hesabu: ukiifunga R72 mbele ya SFX umebakiwa na upenyo wa nanomita 20 tu. Picha inatoka, lakini mkanda unadai mwanga mwingi mno na majani hayafikii weupe unaoutaka. Rollei kwa filta hiyohiyo ina nanomita 100 za kufanyia kazi.

Weupe huo unatoka kwenye jani lenyewe. Klorofili hainyonyi infraredi, na chembe za ndani ya jani zinaitawanya na kuirudisha nje. Robert W. Wood, mwanafizikia wa Marekani, alichapisha picha za namna hiyo mwaka 1910, ndiyo maana hadi leo tunasema athari ya Wood.

SFX naipenda kwa filta nyekundu ya kawaida, namba 25. Anga inakolea, ngozi ya mtu inalainika, na bado unaona unachopiga. Kumpiga mtu ufukweni, SFX. Kwa Gede, Rollei bila wasiwasi.

BintiKisauni
Kaka, Gede nimepiga mara mbili kwa mkanda wa Rollei na Yashica-Mat 124G, kamera yenye lenzi mbili, moja juu ya nyingine. Jambo la kwanza: ule msitu ni kivuli kitupu. Infraredi inataka jua liangukie jani. Chini ya miti mikubwa nilipata tope la kijivu. Picha nzuri zilitoka kwenye uwazi, upande wa jumba la kifalme na msikiti mkuu, jua likiwa juu na mawingu yamejikusanya.

R72 ni nyeusi kwa macho. Kwenye Yashica naifunga lenzi ya chini, ya juu inabaki wazi kwa kuangalia. Wewe na K1000 utakuwa kipofu ukishaifunga, kwa hiyo weka kamera kwenye stendi, panga picha, fokasi, kisha funga filta taratibu usisogeze kitu. Usikiamini kipima mwanga cha kamera kikisoma kupitia filta, maana hakioni kama mkanda unavyoona. Mimi nahesabu kana kwamba mkanda ni ISO 12, yaani unaohitaji mwanga mwingi sana. Jua kali: tundu la lenzi f/8 kwa sekunde 1/30, halafu narudia 1/15 na 1/8. Mkanda unaliwa haraka, ila unarudi na picha.

Na pachika mkanda kivulini, ikiwezekana ndani ya mfuko mweusi. Rollei imetandazwa juu ya poliesta angavu, na mwanga unapenya kwenye ulimi wa mkanda kama mafuta yanavyopanda utambi. Niliwahi kuupachika juani pale Malindi. Negativu nne za mwanzo zilikuwa na weusi uliotambaa kutoka ukingoni hadi katikati.

Mzee_wa_Dawa
Vijana wangu, nilipiga Kodak HIE, filamu ya infraredi, mpaka walipoacha kuitengeneza mwaka 2007. Ile ilifika nanomita 900, na haikuwa na tabaka la kuzuia mwanga usirudi ndani ya filamu, ndiyo maana vitu vyeupe vilizungukwa na wingu la nuru. Rollei na SFX zina tabaka hilo. Atakayelitafuta wingu lile atailaumu filamu bure.

K1000 ni chaguo jema. Kamera nyingi za autofokasi zilizokuja baadaye huhesabu matundu ya mkanda kwa taa ndogo ya infraredi, na HIE ilikuwa ikiungua ukingoni. Hiyo yako inahesabu kwa meno ya gia. Angalizo moja: poliesta haichaniki. Mkono wa kuvutia ukigoma mwisho wa mkanda, usiulazimishe. Gia itavunjika kwanza.

Kusafisha: dawa za D-76 au ID-11 zinatosha. SFX kwenye ID-11 isiyozimuliwa ni dakika 10 kwa nyuzi 20. Rollei fuata muda wa mtengenezaji kwa dawa uliyonayo. Kazi kubwa kwetu pwani ni hizo nyuzi 20. Mimi hujaza beseni maji, natia barafu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, nazamisha chupa za dawa, fiksa (dawa ya kukaza picha) na maji ya kuoshea, zote pamoja. Nachovya kipimajoto kwenye dawa yenyewe, siyo kwenye beseni. Ukishindwa kushuka chini ya 24, zile dakika 10 ziwe 7. Usiende chini ya dakika 5, utapata madoa. Suuzo la mwisho, tone moja la sabuni ya vyombo, kisha ning'iniza bafuni mlango umefungwa.

Kaskazi_Tanga
Shikamoo mzee, nashukuru sana. Dada, nitafika mapema nisubiri jua lipande. Naagiza Rollei tatu na R72 ya milimita 49. Swali la mwisho: kwenye lenzi kuna alama ndogo nyekundu kando ya mstari wa kufokasi. Ni ya kazi hii?

FundiLenzi
Ndiyo hiyo. Infraredi inakutana mbali kidogo na mwanga wa kawaida. Fokasi kwa jicho, soma umbali uliojitokeza kwenye mstari, sema mita 5, kisha zungusha lenzi hiyo 5 ikae kwenye alama nyekundu. Ndipo ufunge filta. Kwa tundu dogo la f/11 kosa dogo litamezwa, ila kwa tundu pana la f/4 ukuta wa karibu utatoka na ukungu.

Mzee_wa_Dawa
Marahaba. Mkanda wa kwanza umalizie nyumbani Tanga, kwenye mwembe wowote wenye jua, uusafishe kabla hujasafiri.