Ushauri: makala za kila wiki kwenye kundi letu la Mwanza, nipunguze?

Msomi wa Mkuyuni: Wakuu, salamu kutoka Mwanza. Kila Ijumaa natuma kwenye kundi letu la WhatsApp makala tatu: ya muziki, ya tabianchi, ya mambo ya mitandaoni. Naipenda kazi hii kwa moyo wote. Sasa watu wanajitoa, wanasema tabianchi ni nzito. Niiondoe? Usingizi sipati.

Dagaa Mkavu: Weka muziki mtupu mkuu. Nani asome tabianchi Ijumaa jioni?

Mama Igoma: Vijana hawasomi. Sisi hata gazeti lililofungiwa vitumbua tulilisoma kwanza ndipo tule. Mwanangu akiona aya mbili anauliza kama hakuna ya sauti.

Wa Kisesa: Muziki gani, Bongo Fleva tu? Njoo Bujora mwezi wa sita kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma. Vikundi viwili vya ngoma, Wagalu na Wagika, vinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, mshindi ni aliyevuta watu wengi. Kugombea watazamaji kulikuwepo kabla ya TikTok. Andika hilo.

Nanga: Mtu akichoka kundi la bure anazima mlio tu, hajitoi. Kuna hela hapa?

Msomi wa Mkuyuni: Mchango tu, buku kwa wiki.

Nanga: Na makala ni zako?

Msomi wa Mkuyuni: Nazitoa magazeti ya Uingereza na Marekani, natafsiri usiku kucha. Majina ya waandishi siweki, wasomaji wangu hawawajui. Mwandishi wa London anapungukiwa nini akisomwa Buzuruga? Na mchapaji nimeshampa kianzio, zitoke kijitabu.

Wakili wa Mtaa: Simama hapo. Kutafsiri nako ni haki ya mwandishi, soma Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Omba ruhusa, au andika muhtasari wako na uweke kiungo. Jina la mtu usilifute.

Dagaa Mkavu: Kianzio cha mchapaji hakirudi hicho, zoea.

Sengerema Ng'ambo: Wakuu mnachotwa akili. Nani Mwanza hii analipa buku asome tabianchi? Ni tangazo, kesho anaweka namba ya simu.

Msomi wa Mkuyuni: Sina namba ya kuweka. Wiki iliyopita walisoma hivi: Mei 2020 ziwa lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, likaipita rekodi ya 1964 ya mita 13.41. Maji mengi ya Victoria yanatokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, mito inaleta sehemu ndogo. Ndiyo maana mvua zikizidi msimu mmoja, wa ufukweni ndio wa kwanza kuhama.

Mama Igoma: Mwaka huo shemeji yangu alihama, maji yalifika chooni. Kumbe ilikuwa rekodi!

Sengerema Ng'ambo: Hiyo nayo umetafsiri?

Msomi wa Mkuyuni: Hapana, niliandika mwenyewe baada ya kuongea na wavuvi wa mwaloni Kirumba.

Nanga: Hiyo ndiyo iliyowakimbiza?

Msomi wa Mkuyuni: Hiyo waliisambaza mpaka makundi ya Bukoba.

Wakili wa Mtaa: Basi mpigie mchapaji leo, kabla hajaanza.

Msomi wa Mkuyuni: Nitampigia Jumatatu. Ila zile za kutafsiri zibaki hata mbili, nimezihangaikia sana.