Tupeane uzoefu: kazi isiyoonekana nyuma ya bidhaa za mikono

Mwanzisha uzi
Wakuu, mteja akiona kipande cha sabuni cha shilingi 3,000 anauliza mbona ghali, kisha anaomba apewe viwili kwa 5,000. Tuweke hapa kazi inayofanyika kabla bidhaa haijafika mezani: vipimo, hatua, na mahali panapoharibika. Historia za maisha zina uzi wake.

Fundi sabuni, Tanga
Nazungumzia sabuni ya kuchanganya bila kupika. Kila kitu kinapimwa kwa mizani ya gramu, vikombe na vijiko weka kando. Kwa kilo 1 ya mafuta (nazi gramu 300, mawese 500, alizeti 200) kostiki (caustic soda, dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) ni gramu 145 hivi na maji 290. Hapo umeshaacha asilimia 5 ya mafuta yasigeuke sabuni, ili isikaushe ngozi. Ukibadilisha mafuta, hesabu nayo inabadilika: gramu 100 za nazi zinakula kostiki gramu 18.3, alizeti zinakula 13.4 tu. Anayechukua kipimo cha mwenzake na kuweka mafuta mengine anaweza kutoa sabuni inayobabua.

Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya kostiki yanachemka ghafla na kukurukia usoni. Vaa glavu na miwani, fungua madirisha. Sufuria ya alumini usiitumie kabisa: kostiki inaila na kutoa gesi inayoshika moto.

Sisi wa pwani adui yetu ni unyevu. Mfuko wa kostiki ukibaki wazi unavuta maji hewani, punje zinashikana, na zile gramu 145 unazopima si kostiki tupu tena. Sabuni inatoka laini, ina mafuta juu, na lawama zinaenda kwa muuza mawese. Nunua kidogo, hamishia siku hiyohiyo kwenye kopo la plastiki ngumu lenye mfuniko unaobana.

Halafu kuna kukausha, wiki 4 hadi 6, na wote mnajua hapo ndipo mtaji unapolala. Vipande vinakaa kwenye rafu yenye upepo, vimeachana upana wa kidole, vinageuzwa kila baada ya siku chache. Kilichokatwa kikiwa gramu 110 kinaweza kushuka chini ya 100, kwa hiyo uzito wa kwenye lebo ni wa baada ya kukauka. Oda ya harusi ikija zikiwa zimebaki wiki mbili na rafuni hakuna kitu, ikatae. Sabuni mbichi inayeyuka haraka bafuni, na jina linaloharibika ni lako.

Mafuta ya karafuu ya kunukisha yanagandisha uji wa sabuni ndani ya muda mfupi sana. Tayarisha chano cha kumwagia sabuni kwanza, yatie mwisho, koroga kwa mwiko badala ya mashine. Gramu 5 kwa kilo zinatosha. Yakizidi yanawasha ngozi.

Mchangiaji, Unguja
Dada, na unga wa mwani?

Fundi sabuni, Tanga
Kijiko 1 cha chakula kwa kilo, uwe umesagwa na kuchekechwa vizuri, maana punje kubwa zinakwaruza. Rangi ya kijani haidumu, inaelekea kahawia. Picha ya tangazo ipigwe sabuni ikiwa imeshakauka, mteja apokee alichokiona.

Mshonaji wa vikapu vya ukindu
Kwetu watu wanaona kusuka tu. Kabla yake kuna kuanika, kuchana nyuzi za upana mmoja, na kupika rangi. Pika mara moja ukindu wote wa oda pamoja na akiba, kwa sababu rangi ya sufuria ya pili haifanani na ya kwanza, na kikapu kinaonyesha kiraka. Wakati wa kusuka ukindu unaloweshwa kidogo usikatike, kwa hiyo kikapu kikiisha bado kina maji ndani. Kikifungwa kwenye nailoni hivyo, kinafika Nairobi au Dodoma na madoa meusi ya ukungu, na hayo hayatoki. Kianike tena, kisha kifungwe kwa karatasi.

Fundi batiki
Kwa kifupi: fua kitambaa kabla ya nta, kutoa wanga wa kiwandani. Usipofua, rangi inashika juujuu na mteja anaiona kwenye beseni.

Mhasibu wa kikundi
Nirudi kwenye ile 3,000. Chukua mfano wa vipande 12: malighafi 900 kwa kipande, kifungashio 300. Kuchanganya ni saa 1, lakini ukijumlisha kukata, kusawazisha kingo, kubandika lebo, kujibu meseji na kupeleka mzigo stendi, unafika saa 5. Ukijilipa 1,500 kwa saa, ni 625 kwa kipande. Jumla 1,825. Duka likichukua kwa 2,000 ili liuze 3,000, umebaki na 175, na nauli ya bodaboda haijaguswa. Kwa hiyo bei ya jumla ipangwe kwanza, ya rejareja ifuate.

Mali kauli, yaani kuacha mzigo dukani ulipwe baadaye, inaua wengi. Ukikubali, anza na vipande 12, andika hati yenye idadi, bei na tarehe ya kulipwa, nakala mbili, yako na ya duka, na usiongeze mzigo kabla ya malipo ya kwanza.

Fundi sabuni, Tanga
Kwa Tanzania, vipodozi, sabuni za ngozi zikiwemo, viko chini ya TBS (Shirika la Viwango) tangu 2019, zamani vilikuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa). Anzieni ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Na kila toleo la sabuni, yaani mchanganyiko wa mara moja, lipewe namba, iandikwe kwenye lebo na daftarini pamoja na vipimo vyake na tarehe mfuko wa kostiki ulipofunguliwa. Mteja akilalamika kuwashwa, unajua ni vipande vipi vya kuondoa dukani siku hiyo.