Naomba ushauri: vitawanya hewa vya kauri au vya mpira kwa bwawa la mwatiko, Ngomeni

AbuMwatiko
Assalaam alaykum, na wasio wa salamu hiyo, hamjambo. Ninafuga mwatiko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, katika bwawa la mita 20 kwa 25 linalopata maji ya bahari wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana. Alfajiri ya mwezi nane, yaani siku ya nane tangu mwezi uandame, niliwakuta samaki wamejaa juu ya maji, midomo wazi, wakihema. Nilifungua mlango wa maji, maji mapya yakaingia na hali ikatulia, ingawa nilizika samaki ishirini na watatu chini ya mnazi.

Sasa nimeamua kupuliza hewa kwa mashine. Je, kati ya sahani za kauri zinazotoa viputo vidogo mno na mabomba ya mpira yaliyotobolewa, ni kipi chenye ufanisi zaidi? Vilevile ninafikiria kulaza bomba mlangoni litoe pazia la viputo, lizuie tope la mto Sabaki na yavuyavu, wale viumbe wa baharini laini kama rojo. Muuzaji amenionyesha karatasi isemayo kwamba sahani za kauri huingiza majini asilimia 30 ya oksijeni inayopulizwa. Ninahitaji jibu kabla ya Alhamisi.

MzeeWaDema
Mwanangu, mimi nimetega dema miaka arubaini na sijawahi kumpulizia samaki hewa. Ukimtoa kiumbe katika pumzi aliyopewa na Mola wake, basi pumzi hiyo itakubidi uilipie wewe kwa bili ya stima.

MamaKaa
Mzee, tuache na riziki zetu. Ndugu Abu, mimi nanenepesha kaa upande wa Mida, na ninayo matangi mawili ya vifaranga. Nilianza na mawe ya hewa ya kauri, na wiki ya kwanza yalipendeza kweli, maji yakawa meupe kama tui. Wiki ya tatu jiwe moja likawa linatoa hewa upande mmoja tu, na nilipolitoa nikalikuta limevaa ukoga unaoteleza kama bamia, na chini ya ukoga kuna gamba jeupe la chokaa. Nililoweka katika siki usiku kucha, nikalisugua kwa mswaki wa zamani wa mwanangu, likarudi nusu. Tangu hapo natumia mpira wenye vitundu, kwa sababu hewa ikizimwa vitundu hujifunga vyenyewe na maji ya chumvi hayarudi ndani. Ufanisi wa karatasini ni wa siku ya kwanza, ndugu yangu.

FundiBlowa
Ushauri wa Mama Kaa ni mzuri, lakini unahusu usafi, na mwenye uzi hajatuambia jambo linalotangulia usafi. Bwawa lina kina gani, na hewa itatoka katika mashine gani?

AbuMwatiko
Ahsante Mama Kaa. Fundi, kina ni cha kawaida kama mabwawa mengine ya huku. Ninachotaka hasa ni ulinganisho wa kauri na mpira.

FundiBlowa
Hakuna kina cha kawaida. Nitajie kwa mita, tafadhali, kwa sababu bila hiyo nitakuwa nakupigia ramli.

AbuMwatiko
Ni kama mita moja. Mashine ni kompresa ya gereji ya shemeji yangu, ile ya kujazia magurudumu, ambayo ina nguvu nyingi sana. Na niseme ukweli, sahani kumi na mbili za kauri nimeshazilipia malipo ya awali.

FundiBlowa
Kumbe swali lilikuwa limejibiwa kabla ya kuulizwa. Hata hivyo nitaeleza, kwa faida ya wengine pia.

Kiputo hutoa oksijeni kikiwa safarini kutoka chini kwenda juu, na safari ikiwa fupi kitapasuka juu ya maji kikiwa bado kimebeba karibu yote. Kwa makadirio tunayotumia kazini, viputo vidogo katika maji safi huacha takriban asilimia 6 ya oksijeni yao kwa kila mita ya kina, na viputo vikubwa huacha kama asilimia 2. Asilimia 30 ya muuzaji wako si uongo, ila ni ya tangi lenye kina cha mita 5, lenye maji safi ambayo kwanza yameondolewa oksijeni yote. Wewe una mita moja.

Chukua blowa, yaani mashine ya kupuliza hewa nyingi kwa mgandamizo mdogo, inayopuliza mita za ujazo 20 kwa saa. Katika hewa hiyo mna oksijeni ya kilo 5 na ushei, na asilimia 6 yake ni gramu 300 na kitu. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 30 hayashiki zaidi ya miligramu 6 hivi za oksijeni kwa lita, na yakiwa tayari na nusu ya hizo, kasi ya oksijeni kuingia majini nayo hushuka kwa nusu. Bwawa lako lenye mita za ujazo 500 linahitaji gramu 500 ili kupanda kwa miligramu moja tu kwa lita, na usiku kucha samaki, mwani na tope vinaendelea kuvuta humo humo.

Kuhusu kompresa, mita moja ya maji inahitaji mgandamizo wa takriban bari 0.1, pamoja na nyongeza kidogo ya kusukuma hewa kupitia kauri. Mashine ya magurudumu hugandamiza hadi bari 8, kisha unaiachia yote ipungue, kwa hiyo unalipia joto. Nyingi pia huvuja mvuke wa oili, nayo oili hiyo huziba kauri na kuishia majini. Kwa maji ya kina kifupi, gurudumu la makasia linalorusha maji hewani hushinda sahani yoyote.

AbuMwatiko
Nakubali hesabu, lakini viputo vidogo vina eneo kubwa la kugusana na maji, na nimesoma kwamba katika maji ya chumvi viputo haviungani haraka. Kwa hiyo kauri bado ina hoja.

FundiBlowa
Yote mawili ni kweli, na hakuna hata moja linaloongeza kina.

HesabuYaMwezi
Mimi ni mtu wa hapo hapo, na kisa hiki kinanitatiza. Mwezi nane ni maji mafu, bahari haijai sana. Wewe mwenyewe umeandika kwamba bwawa hupata maji wakati wa bamvua, na alfajiri ya siku hiyo bahari ilikuwa bado iko chini. Hayo maji mapya yaliyoingia mlangoni yalitoka wapi? Ama bwawa halipo, ama tunasomeshwa tangazo la muuzaji wa sahani za kauri ambaye ametaja asilimia 30 yake mapema na sasa anatafuta wa kumwunga mkono.

TuiLaPili
Labda maji yaliingia kwa aibu. Mimi nilikuwa tayari kuagiza sahani mbili za kauri nile pilau juu yake.

MamaKaa
Jamani, mtu anayetunga kisa hahesabu samaki ishirini na watatu, husema mia. Lakini swali la maji mafu ni la haki, ndugu Abu. Lijibu.

AbuMwatiko
Si muuzaji mimi. Nilikuwa nimekata kauli ya kutolisema, kwa kuwa bwawa ni la kikundi na baadhi ya wenzangu wanasoma hapa. Maji hayakuingia. Saa kumi na moja alfajiri nilichanganyikiwa, nikazitoa mbao zote za mlango nikidhani bahari imejaa, na maji ya bwawa yakatoka kwenda baharini. Nilipozirudisha, jiti la kupimia lilikuwa limelowa sentimita 55. Lile jua lilipopanda ndipo samaki walipotulia, waliosalia.

HesabuYaMwezi
Basi nakuomba radhi. Sasa kisa kinalingana na mwezi.

FundiBlowa
Kwa sentimita 55 ufanisi wa sahani zako ni asilimia 3 hivi, tena kabla ya ukoga. Subiri bamvua ya mwezi mpevu, ujaze bwawa jioni bahari ikijaa, upunguze chakula hadi siku hiyo, na uazime gurudumu la makasia la kuwashwa kuanzia usiku wa manane hadi jua litoke.

Pazia la mlangoni ni habari nyingine. Huko Amsterdam tangu 2019 bomba limelazwa mshazari chini ya mfereji, na viputo pamoja na mkondo husogeza plastiki upande mmoja inakokusanywa. Wanaopigilia nguzo baharini nao huzungushia viputo ili kupunguza kishindo kinachowaumiza wanyama. Kazi hiyo hutaka hewa nyingi na vitundu vikubwa, wala haihitaji kauri. Yavuyavu wanaweza kusukumwa, lakini tope la Sabaki ni chembe ndogo mno zinazoelea majini na litapita katikati ya viputo bila hodi. Kwa kuwa kusi ndiyo huleta tope hilo upande wenu, nyakati hizo jaza maji juu ya mbao, usiyachote ya chini.

MzeeWaDema
Kikundi kimejua leo.

AbuMwatiko
Nimekuelewa, Fundi, na la bamvua nitalifuata. Ila sahani zinafika Alhamisi na muuzaji harudishi pesa. Je, nikichimba shimo la mita mbili katikati ya bwawa na kuzitia humo, si nitakuwa nimepata kina?

FundiBlowa
Shimo hilo litakusanya kinyesi na chakula kilichooza, na viputo vitatimua tope jeusi lenye harufu ya mayai viza, ambalo lenyewe hula oksijeni. Sahani zako zipeleke kwenye matangi ya vifaranga, au muuzie Mama Kaa. Usichimbe.

MamaKaa
Mimi sinunui.

AbuMwatiko
Shimo lenyewe tulilichimba jana.