Naomba ushauri: mfano gani unafaa kueleza mwendo wa ishara kwenye neva?

Habari zenu wakuu. Nafundisha Baiolojia kidato cha tano huku Kongwa, na mada ya neva imenikwamisha. Juzi nilichora utando wa seli sakafuni kwa chaki, nikaweka kunde nje ziwe sodiamu na punje za mahindi ndani ziwe potasiamu. Waliona wenyewe: seli ikitulia, ndani ni kama milivolti -70, milango ya sodiamu ikifunguka kunde zinaingia, chaji inapanda hadi karibu +30, halafu mahindi yanatoka na chaji inashuka tena.

Shida ni mwendo. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, umeme wa waya unapungua njiani, huu mbona unafika na nguvu ileile?" Swali zuri mno. Nikampa mfano wa moto kwenye nyasi kavu: kila shina linawasha la jirani, na palipoungua hapawaki tena, ndiyo maana haurudi nyuma. Lakini neva huwa tayari tena baada ya milisekunde chache tu, nyasi mpaka mvua zije! Nahofia nimewapotosha.

Walimu wenzangu, mnatumia mfano gani? Hatuna projekta.