Kinoo cha asili cha kumalizia makali ya wembe wa kukunja: nichague kipi?

Swali kutoka kwa MkaziWaTanga

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Ninanyoa ndevu kwa wembe wa kukunja wa Solingen, Ujerumani, wenye upana wa inchi 5/8, ambao niliununua ukiwa umeshatumika lakini haujaliwa na kutu. Kwa sasa naunoa kwa mawe ya kiwandani: naanzia namba 1000 (namba ikipanda, jiwe huwa laini zaidi), naingia kwenye jiwe la pande mbili la 4000 na 8000, na mwisho naupitisha kwenye mkanda wa ngozi. Wembe unakata, tena unakata vizuri, ila kila nikinyoa shingo nabaki na muwasho hadi jioni, na kesho yake vipele vinajitokeza. Wenye uzoefu husema kwamba makali yaliyomaliziwa kwenye jiwe la asili huwa mapole zaidi kwa ngozi, nami ningependa kuyajaribu.

Ndugu yangu anayeishi Brussels anatarajia kuja likizo na amekubali kunibebea jiwe. Fedha niliyonayo inatosha jiwe moja tu, wala si la kifahari. Nimesoma kuhusu kotikule la Ubelgiji, Arkansas la Marekani, Thuringia la Ujerumani na mawe ya Kyoto, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa, kwa sababu mawe haya hayana namba. Nitajuaje kwamba hili ni laini kuliko lile 8000 nililonalo? Je, ni lazima liwe kubwa?

Jibu kutoka kwa FundiMakali

Kabla hujatoa fedha, ndugu, hakikisha kwanza kwamba tatizo liko kwenye hatua ya mwisho kweli. Mara nyingi muwasho baada ya 8000 hutokana na kazi ya 1000 kuachwa njiani: pande mbili za makali hazijakutana sawasawa kutoka kisigino cha wembe hadi ncha yake, na hakuna jiwe la kumalizia, liwe la asili au la kiwandani, litakaloziba pengo hilo.

Kulipima jambo hili ni rahisi. Paka wino wa kalamu nene kwenye mteremko wa makali, yaani ule ukanda mwembamba ulionolewa unaoishia kwenye ukingo, pande zote mbili, pitisha wembe mara mbili tatu juu ya jiwe bila kukandamiza, kisha utazame. Wino ukibaki kwenye ukingo wenyewe, ujue jiwe linakula bega la mteremko na kuyaacha makali bila kuguswa. Halafu uelekeze makali juu, ukiwa chini ya taa. Makali yaliyokamilika hayaonekani, kwa sababu ni membamba mno kurudisha mwanga; ukiona kitone au mstari unaong'aa, hapo pamebutuka au pamemeguka, na dawa yake ni kurudi kwenye 1000.

Pembe usiisumbukie, maana wembe hunolewa ukiwa umelala, mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja, hivyo aliyeutengeneza ndiye aliyekwisha kuamua. Wembe wa upana wa milimita 16 wenye mgongo wa unene wa milimita 4.5 hupata pembe ya takriban digrii 16. Kama unabandika utepe wa fundi umeme mgongoni ili usilike, endelea nao hadi jiwe la mwisho, kwani ukiubandika kwenye 1000 kisha ukauondoa wakati wa kumalizia, makali hayataligusa jiwe hilo kabisa.

Jibu kutoka kwa MkongoWaLiège

Aliyosema FundiMakali ni ya msingi, nami nitaanzia pale alipoishia, nikichukulia kwamba kazi ya 1000 imekamilika.

Kwa kuwa mzigo unatoka Ubelgiji, mimi ningechagua kotikule bila kusita. Huchimbwa katika milima ya Ardennes, upande wa Vielsalm na Lierneux, na pale Salmchâteau lipo hata jumba la makumbusho la jiwe hilo. Ni jiwe la manjano hafifu lililolala katika matabaka membamba ya sentimita chache ndani ya mwamba wa rangi ya bluu inayoelekea zambarau. Ndani yake zimo chembe za ganeti, madini magumu, ya aina yenye manganizi iitwayo spesatini, zilizoshikwa na maika (madini ya vibapa vyembamba) laini sana. Nyingi kati ya chembe hizo zina ukubwa wa maikroni 5 hadi 15 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na umbo lake ni la nyuso nyingi linalokaribia duara.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali lako kuhusu namba. Namba ya jiwe la kiwandani hueleza ukubwa wa chembe zake tu. Ukilipima kotikule kwa ukubwa wa chembe peke yake, utadhani ni jiwe la kukwaruza lisilofaa kabisa kumalizia wembe, kwa sababu chembe za jiwe la 8000 ni ndogo kuliko hizo mara kadhaa. Lakini ganeti imezama kwenye maika, imetokeza sehemu ndogo tu ya mgongo wake wa mviringo, na mfereji unaouacha kwenye chuma ni mpana lakini wa kina kifupi. Tena jiwe lile lile hubadilika kulingana na unavyolitumia. Muuzaji anayeandika 8000 au 12000 kwenye jiwe la asili anakisia, hata kama ni mkweli wa moyo.

Utumiaji wenyewe uko hivi. Ukisugua uso wa jiwe kwa kijiwe kidogo cha kotikule pamoja na matone ya maji, hutoka tope jepesi la rangi ya maziwa. Ganeti zinakuwa huru, zinabingirika chini ya wembe na kula chuma upesi. Baada ya muda utaliona tope likigeuka la kijivu, na huo ukijivu ni chuma cha wembe wako. Hata hivyo tope hilo hilo hugongana na ukingo wa makali na kuuzuia usifikie ukali wa mwisho. Kwa hiyo unaliongezea maji, tone moja au mawili kila baada ya mapito kadhaa, huku mkono ukizidi kuwa mwepesi, mpaka juu ya jiwe yabaki maji matupu yanayotembea mbele ya makali kama wimbi dogo. Kufikia hapo jiwe linakata polepole mno, na upole unaoutafuta shingoni hupatikana katika mapito hayo ya mwisho. Anayeharakisha maji huishia na wembe unaonyoa mikono lakini unaovuta ndevu.

Kuhusu ukubwa: matabaka yakiwa membamba, vipande vikubwa visivyo na ufa ni adimu na bei yake hupanda vibaya. Mwambie ndugu yako asinunue kipande cha mstatili kilichokatwa kwa vipimo. Aulizie vile visivyo na umbo maalumu, ambavyo wenyeji huviita *bouts*. Ni mawe yale yale kutoka machimbo yale yale, ila kingo zake zimepinda, na bei yake ni nafuu zaidi. Kwa wembe, urefu wa sentimita 12 na upana wa sentimita 4 unatosha kabisa.

Jibu kutoka kwa MkenyaDallas

Namheshimu ndugu wa Liège na jiwe lake, lakini ametueleza mwenyewe kwamba matokeo yanategemea namna mtu anavyoongeza maji. Kwa mtu ambaye bado anajifunza, hiyo ni sababu nyingine ya kubahatisha. Arkansas haina mambo hayo. Ni novakulaiti, yaani mwamba wa silika karibu tupu, unaochimbwa katika milima ya Ouachita, karibu na mji wa Hot Springs. Chembe zake zimeshikana kiasi kwamba hazibanduki, hazitoi tope, na uso wake ukishasawazishwa hukaa miaka mingi bila kubonyea. Unaweka matone ya mafuta mepesi au maji yenye sabuni kidogo, unapitisha wembe, na leo utapata kile kile ulichopata mwezi uliopita.

Madaraja ya jiwe hili hupangwa kwa msongamano wa mwamba, na kwa wembe yanayofaa ni mawili tu: lile jeusi gumu, na lile linalopitisha mwanga ukiliweka mbele ya taa. La pili huwa ghali.

Kasoro yake lazima niiseme. Jiwe hili huja kutoka dukani likiwa na alama za msumeno, na hali ya uso ndiyo inayoamua ulaini wa makali. Itakubidi ulisugue juu ya kioo kinene kwa unga mgumu wa kusagia wa silikoni kabaidi na maji, kuanzia unga wa chembe kubwa hadi laini, kisha ulikwangue kwa chuma kipana, kwa mfano mgongo wa patasi, mpaka uso wake uanze kung'aa. Ni kazi ya kuchosha mikono. Tafadhali ifanye jiwe likiwa limelowa muda wote, kwa sababu vumbi la silika likivutwa huharibu mapafu na madhara yake hayaponi. Tahadhari hiyo inahusu hata mawe mengine.

Jibu kutoka kwa MpendaVyaKale

Niongezee mawili kuhusu yale uliyoyataja ambayo wenzangu hawajayagusa.

Jiwe la Thuringia ni aina ya sleti (mwamba wa matabaka) laini kutoka eneo la Sonneberg na Steinach, nchi ambayo pia ilisifika kwa kalamu za sleti za watoto wa shule. Yaliyotukuka zaidi yaliuzwa na J. G. Escher & Sohn, yakiwa na nembo ya karatasi ubavuni. Ni mawe mazuri kweli, pengine mepesi kuyatumia kuliko yote, kwa kuwa tope lake husagika lenyewe likawa laini. Lakini leo ni vitu vya kale: ukinunua unalipia na karatasi, na jiwe lisilo na nembo linaweza kuwa sleti yoyote ile ya kijivu. Rangi haithibitishi kitu. Mawe ya Kyoto, kama yale ya Nakayama, yana shida hiyo hiyo ya bei na kubahatisha, kwani hata yaliyotoka shimo moja hutofautiana kwa ugumu, na kwa mtu anayenunua moja bila kulishika mkononi siyashauri.

Na kwa kuwa lazima kuna atakayeuliza: yale mawe ya mchanga tunayonolea mapanga na majembe nyumbani yaacheni yafanye kazi yake huko huko. Chembe zake ni kubwa na hazilingani, na pito moja tu linatosha kuyafanya makali ya wembe yawe kama meno ya msumeno.

MkaziWaTanga

Nawashukuru nyote. Nimefanya jaribio la wino na nimekuta theluthi ya mwisho kuelekea ncha bado ina wino ukingoni, kwa hiyo nimerudi kwenye 1000 na sasa hakuna kinachong'aa chini ya taa. Muwasho umepungua sana, ingawa haujaisha chini ya kidevu. Nimeamua kuchukua kotikule lisilo na umbo maalumu, kwa sababu ya bei na kwa sababu ndugu yangu anaweza kulifikia dukani na kulitazama. Yeye si mtu wa mambo haya. Nimwagize atazame nini?

MkongoWaLiège

Mwambie alilowanishe jiwe kabla ya kulipa, kwani ufa na mishipa huonekana vizuri likiwa na maji. Mistari ya rangi na vivuli vya bluu ndani ya manjano haina madhara. Kinachomhusu ni mshipa anaouhisi akipitisha ukucha juu yake; ukucha ukikwama, alirudishe, maana wembe nao utakwama hapo hapo na kumeguka. Atazame pia upande wa chini: mawe mengine yamegandishwa kwa gundi juu ya sleti, na mengine yameshikana na jiwe la bluu kwa asili yake. Yote mawili ni sawa kwa kazi yako, na hakuna haja ya kulipa zaidi kwa mshikamano wa asili. Jiwe la bluu peke yake lina ganeti chache zaidi na hufanya kazi polepole. Likiwa ndilo pekee la bei anayoiweza, linafaa, lakini utahitaji subira. Na asisahau kijiwe cha kutolea tope, ambacho mara nyingine muuzaji hukiongezea bure akiombwa kwa adabu.

Likifika, lichoree miraba kwa penseli juu ya uso, ulisugue likiwa limelowa juu ya msasa wa maji namba 400 uliolazwa kwenye kioo, mpaka mistari yote ifutike kwa wakati mmoja, kisha uviringishe kingo zake zote. Kwa jiwe lililopinda, kingo hizo ndizo zinazoumiza wembe kuliko uso wenyewe, hasa ncha inapotoka nje ya jiwe katika pito la mshazari. Lisafirishwe limefungwa kwenye nguo katika begi kubwa, mbali na chupa, kwani likianguka sakafuni hupasuka kwa kufuata tabaka.