Je, Takadini isomwe kwa sauti darasani?

Mama, Ujiji: Wazazi wenzangu na walimu, naomba tulijadili hili bila jazba.

Juzi jioni nilikuwa uani nachambua dagaa, binti yangu wa kidato cha tatu amekaa kwenye kigoda na kitabu mapajani. Alisoma weee, kisha akaweka kidole kwenye mstari na kunyamaza. “Mama, hapa ndipo walipomgeukia.”

Kwa asiyeijua, Takadini ni riwaya ya Ben Hanson, na imesomwa miaka mingi kwenye Kiswahili kidato cha tatu na cha nne. Sekai amehangaika kutafuta mtoto, na anapompata, ni mwenye ualbino. Mila za kwao zinataka mtoto wa namna hiyo auawe. Mama anamchukua mwanawe, anakimbia.

Sasa darasani kwao mmoja husimama akasoma, wengine wakafuatilia, kitabu kimoja dawati zima. Mbele kabisa, kwa sababu ya macho, hukaa msichana mwenye ualbino. Ilipofika habari ya kuua mtoto, vichwa vyote vikamgeukia. Wa nyuma huko mmoja akacheka. Mwalimu akasema “endelea”, halafu akaandika ubaoni: Dhamira, mila potofu. Msichana yule ana siku mbili hajaonekana shuleni.

Na sisi hapa Kigoma hatuwezi kusema hiyo ni ngano ya mbali. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliposhika kasi miaka ile ya 2007 na 2008, kuna watoto waliopelekwa Kabanga, Kasulu, wakaishi na kusoma pale ili wasikatwe viungo. Wengine sasa ni watu wazima, wanazaa.

Kwenye grupu la wazazi wapo wanaotaka kitabu kiondolewe. Wanakumbusha kwamba Februari 2023 wizara ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni, hivyo inawezekana. Mimi sikubaliani nao. Kitabu hiki kiko upande wa mtoto! Tukikitoa, nani atawaeleza hawa kwamba mama anaweza kuikataa mila? Na ukatili tumelishwa tangu utotoni: bibi yangu alituhadithia zimwi linalomeza watoto, mifupa na vyote. Ila bibi alikuwa anatutazama. Akiona mmoja ameanza kujikunyata, analiua zimwi mapema.

Ninachouliza ni kwa nini sura ile isomwe kwa sauti, na mwanafunzi mwenzake, bila neno lolote kabla.

Mwalimu, Kasulu: Mama yangu, pole, na mfikishie pole binti yule. Ila nikuambie ya upande wetu. Kipindi ni dakika 40, watoto wamejaa hadi dirishani, na mtihani unataka hoja na mifano kutoka kitabuni. Tunasoma kwa sauti kwa sababu vitabu havitoshi, si kwa kupenda. Halafu nikimwita pembeni nikamwambia “kesho tunasoma habari za watu kama wewe”, si ndiyo nimemtenga zaidi? Huku tuko jirani na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kuna mtu amekulia kwenye habari za vita. Nikianza kupima nani asisikie nini, nitabaki nafundisha ngeli za nomino tu.

Mama, Ujiji: Mwalimu, hapo pa kumwita pembeni umenishika. Sikupafikiria. Basi asiitwe yeye, liambiwe darasa zima. Dakika tano tu: hiki kitabu kina jambo zito, kacheke nje. Sura ile isome mwenyewe, kwa sauti yako wewe, maana kijana wa miaka 16 akiona aibu hutafuta kichekesho. Na kwani lazima muanzie kwenye mauaji? Takadini anakua, anafundishwa kupiga mbira na mzee Chivero, Shingai anampenda na kuolewa naye. Mbona hayo hayasomwi kwa sauti? Daftari la binti yangu nimelifungua: kurasa mbili za ukatili na imani potofu, mapenzi mstari mmoja.

Nilikuwa nimeishia hapo, ila binti karudi sasa hivi kutoka shule. Yule mwenzao leo amekuja. Kaomba kuhamia dawati la nyuma kabisa, na huko ubao hauoni.