Mdogo wangu anakula kisha anajitapisha. Naanzia wapi?

Dada wa Tandika: Habarini ndugu zangu. Mdogo wangu ana miaka 19, yuko chuo, naishi naye. Miezi yote hii nilidhani ni vidonda vya tumbo. Usiku sufuria ya wali inaisha, mkate unaisha, halafu nasikia bomba la chooni limefunguliwa muda mrefu. Mashavu yamevimba chini ya masikio. Juzi nilimuuliza, akalia, akasema hawezi kuacha. Mama anasema ni shetani. Shangazi alidhani ni mimba, tukapima, hana. Mwili wake ni wa kawaida tu, kwa hiyo hakuna anayeniamini. Nimesoma kuwa unaitwa bulimia. Unatibika?

Nilipita Huko: Unatibika, dada. Mimi niliugua miaka sita, na huo mwili wa kawaida ndio ulionichelewesha. Daktari wa kwanza alinitazama tu, akaniandikia dawa ya vidonda.

Kilichonisaidia ni mwanasaikolojia, vikao kama 20, kila wiki kimoja. Hakunikataza kutapika. Alianza na saa: chai asubuhi, kitu kidogo saa nne, chakula cha mchana, kitu saa kumi, kisha cha usiku. Nikabisha sana. Nina tatizo la kufakamia, wewe unaniongezea milo? Akafungua daftari langu, maana kila nilichokula nilikiandika papo hapo pamoja na nilivyojisikia. Kila usiku niliofakamia, mchana wake nilishinda na chai kavu. Njaa niliyojitia mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikinirudisha jikoni usiku. Wiki za mwanzo tumbo lilijaa nikaona nanenepa, nikataka kukimbia. Nashukuru sikukimbia.

Jambo jingine daftari lilionyesha: siku mbaya nyingi zilianza na mtu kunisalimia "umenenepa siku hizi!" Kwetu ni sifa, najua. Waombe nyumbani waiache kabisa.

Nesi wa Zamu: Kabla ya hayo apimwe damu, hasa potasiamu, na umeme wa moyo. Kutapika kunaimaliza potasiamu, na ikishuka sana mapigo ya moyo yanavurugika. Akizimia, moyo ukidunda ovyo au akitapika damu, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Akishatapika asukutue kwa maji, asipige mswaki hapohapo, maana asidi imeshalainisha meno. Dawa ipo, fluoksetini, ile ya sonona, ila kwa bulimia dozi ya kawaida ni miligramu 60 kwa siku badala ya 20. Aandikiwe na daktari, na kwa umri wake afuatiliwe kwa karibu wiki za mwanzo, kwani vijana wengine hupata mawazo ya kujiua. Isichukue nafasi ya vikao.

Dada wa Tandika: Mungu awalipe. Ramadhani inakaribia na anataka kufunga. Nimzuie?

Nilipita Huko: Usigombane naye. Nendeni pamoja kwa daktari, kisha kwa shekhe mnayemwamini. Mgonjwa ana ruhusa yake. Kwangu, kushinda njaa halafu kukaa mbele ya futari kungenirudisha kulekule. Mwaka ule sikufunga. Bibi yangu, naye amefunga, alinipikia uji kila mchana, akafunga mlango wa jikoni watu wasinione, akakaa nami mpaka nimalize kikombe.